Upande wa pili wa mfupa: kulinda mishipa ya damu paja linapofungwa vyuma vya nje

Skrubu ya mfupa wa paja haikati ateri pale inapoingilia. Huikata pale inapotokea, upande wa pili wa mfupa, ambako mkono wa mpasuaji haufiki wala jicho lake halioni. Karibu kanuni zote za kufunga vyuma vya nje kwenye paja zimezaliwa na jambo hilo moja. Makosa nayo huzaliwa na kulisahau: mtu anachagua kwa makini mahali pa kuingilia, anapasua ngozi kwa uangalifu, kisha anaiacha drili ivuke ukuta wa mbali wa mfupa kwa sentimita nzima bila kujiuliza kuna nini huko inakokwenda.

Vyuma vyenyewe si vigumu kuvieleza. Skrubu ndefu, kwa kawaida mbili juu ya mahali palipovunjika na mbili chini yake, hupenya nyama na kushika mfupa. Mashina yake hubaki nje ya ngozi, yakaunganishwa kwa vibano na fito za chuma au za kaboni. Mfupa hutulia bila kufungua jeraha kubwa. Ndiyo maana hutumika paja likivunjika na ngozi kuchanika, mgonjwa akiwa amepoteza damu nyingi asiweze kuvumilia upasuaji mrefu, au akitakiwa kusafirishwa. Mara nyingi ni vya muda tu. Mgonjwa akiimarika huondolewa, akawekewa chuma cha ndani ya uboho au bati, na ni vyema hilo lifanyike ndani ya wiki mbili hivi, kabla matundu ya skrubu hayajashika uambukizo.

Kwa watu wa Lamu safari ndiyo sababu nzito. Kijana wa bodaboda aliyeanguka njia ya Mokowe, mkwezi aliyeporomoka mnazini kule Faza, baharia aliyeangukiwa na foromali: ikiwa matibabu kamili yako mbali, kuna maji ya kuvuka, kisha zaidi ya kilomita 200 za barabara kupita Witu na Garsen mpaka Malindi, na Mombasa iko mbele zaidi. Mfupa uliovunjika ukisukwasukwa njia yote hiyo, ncha zake kali huchana nyama na zinaweza kuchana ateri. Vyuma vya nje huzuia hilo. Kwa hiyo vyuma hivi ni kinga ya mishipa, na skrubu moja iliyopitiliza inatosha kuleta jeraha lilelile lililokuwa likiepukwa.

Ateri inavyopita pajani

Ateri kuu ya paja hushuka huku ikiuzunguka mfupa. Kinenani iko mbele. Katikati ya paja iko upande wa ndani. Gotini iko nyuma. Aliyeshika maneno hayo matatu ana nusu ya elimu inayotakiwa, maana akijua skrubu yake iko kimo gani, anajua pia ateri imesimama upande gani.

Nusu ya pili ni tawi la ndani. Sentimita 3 hadi 5 chini ya ukano wa kinena, ateri kuu hutoa tawi nene linaloitwa ateri ya kina ya paja. Tawi hili huingia nyuma, likashuka karibu sana na mfupa upande wa ndani na nyuma. Likiwa njiani hutoa vijitawi, kwa kawaida vitatu au vinne, vinavyotoboa misuli palepale kwenye tuta refu la nyuma ya mfupa na kuzunguka kwenda upande wa nje. Hivyo havina nafasi ya kukwepa. Vimelala juu ya mfupa wenyewe, na biti ya drili inayochomoza milimita chache tu nyuma ya mfupa inaweza kuvifikia.

Shina kuu huendelea kushuka chini ya msuli mrefu unaokatiza paja kwa mshazari, ndani ya njia iitwayo mfereji wa Hunter. John Hunter, mpasuaji wa London, aliifunga ateri mahali hapo mwaka 1785 ili kutibu uvimbe wa ateri nyuma ya goti, na mguu ukapona, kwa sababu matawi ya kina yalipeleka damu kwa njia ya kando. Jambo hili lina maana kubwa hata leo. Shina kuu linaweza kuumia na mguu ukaendelea kuwa na uvuguvugu kwa muda, na mwenye kuupapasa akadhani mambo ni salama.

Mahali panapotutia wasiwasi kuliko pote ni makutano ya theluthi ya kati na theluthi ya chini. Hapo ateri hupita kwenye tundu la kano la msuli wa ndani ili iende nyuma ya goti. Juu zaidi, kati ya ateri na mfupa kuna msuli mnene unaoweza kupisha hitilafu ndogo. Kadiri ateri inavyoshuka, nafasi hiyo hupungua, na ikifika kwenye tundu inakuwa karibu na mfupa, tena imeshikwa na kano, haiwezi kusogea ikisukumwa. Ncha ya chuma ikiifikia, itaichoma au itaisugua mpaka ichakae. Vena kuu hufuatana nayo njia nzima, na neva kubwa ya mguu hushuka nyuma ya paja katikati ya misuli.

Pa kuingilia, na pa kutokea

Skrubu iingilie upande wa nje, au nje kwa mbele kidogo. Hilo ndilo jibu kwa karibu urefu wote wa paja, kwa kuwa upande huo hauna mshipa mkubwa njiani. Upande wa ndani haufai kutobolewa kutoka kinenani mpaka karibu na goti; ni kwenye vichwa viwili vya chini vya mfupa tu, pale unapopanuka kuunda goti, ambapo skrubu au waya inaweza kupita upande wa ndani, tena kwa sababu maalumu.

Lakini kila mwelekeo una mwisho wake, na mwisho huo ndio wa kufikiriwa. Skrubu inayotoka nje moja kwa moja kwenda ndani, katikati ya paja, inaelekeza ncha yake kwa shina kuu. Inayoingia nje kwa mbele, kwa digrii 30 hivi, inaelekeza ncha ndani na nyuma, kwenye tawi la kina na vijitawi vyake. Inayoingia mbele kwenda nyuma inaelekea vijitawi na neva kubwa. Isitoshe inapigilia msuli wa mbele wa paja kwenye mfupa, na goti hukakamaa baadaye. Chini ya msuli huo wa mbele kuna pia tawi la ateri linaloshuka pamoja na neva yake, ambalo hukatwa na kisu kinachozamishwa kwa pupa. Hakuna mwelekeo ulio salama ikiwa kina hakidhibitiwi. Ukidhibiti kina, miwili ya kwanza ni mizuri, ule wa tatu ubaki wa dharura kwa theluthi ya kati tu. Katika theluthi ya chini usitumike kabisa: ncha inatokea mbele ya ateri ya nyuma ya goti.

Juu, skrubu ya kwanza iwekwe chini ya nundu kubwa ya nyonga inayoshikika kwa kidole upande wa nje. Mguu usiwe umevutwa sana kuelekea mwenzake wakati wa kutoboa, kwa kuwa mkao huo husogeza mishipa karibu na mfupa. Kwenye makutano tuliyoyataja, ukiweza kupaacha, paache; sogeza skrubu juu au chini kwa sentimita chache na fidia kwa kuongeza ufito wa pili. Chini, ingilia nje ukiwa sambamba na kitanda, mgonjwa amelala chali na pia ya goti inatazama dari. Mkono wa drili ukishuka chini ya usawa huo, ncha inapanda mbele, na hilo lina nafuu. Ukipanda juu ya usawa, ncha inazama nyuma kwenye ateri. Makosa ya namna hii hutokea kwa urahisi meza ikiwa juu mno kwa mtobozi au chini mno.

Mfuko wa goti nao hupanda juu ya pia, takribani upana wa vidole vinne. Skrubu ya vyuma vya muda ikae juu ya hapo. Ikipita ndani ya mfuko, uambukizo wa tundu la skrubu unageuka kuwa usaha wa goti. Na kutoka mahali palipovunjika, acha angalau sentimita 2, usitoboe ndani ya damu iliyoganda wala kwenye ufa.

Yote haya yanachukulia kwamba mfupa uko mahali pake. Uliovunjika hauko. Ukivunjika juu, karibu na nyonga, kipande cha juu hukunjwa mbele, hutanuliwa nje na kuzungushwa kuelekea nje na misuli inayokishika. Mfupa umezunguka, lakini mishipa haikuzunguka nao kwa kiasi hicho. Anayetoboa "upande wa nje wa mfupa" kwa kufuata mfupa wenyewe anaweza kujikuta anatoboa kutoka nyuma ya paja. Ukivunjika juu ya goti, misuli ya shavu la mguu hukivuta kipande cha chini kikapinda nyuma, na ncha yake iliyovunjika ikaelekea ateri. Kwa hiyo kwanza mguu uvutwe na kunyooshwa, pia ya goti irudi kutazama juu, mapigo ya mguuni yapimwe upya, ndipo drili ichukuliwe. Tunaona hatua hii ikirukwa mara nyingi kwa haraka ya kumaliza, na ndiyo inayobeba usalama wa hatua zinazofuata.

Kutoboa bila kupitiliza

Kwa mtu mzima hutumika skrubu za Schanz, ndizo hizo ndefu zinazoshika mfupa, za milimita 5, na biti ya drili ya milimita 3.5 hutangulia, soma maandishi ya kasha, maana watengenezaji hutofautiana. Tundu lisizidi theluthi moja ya unene wa mfupa.

Ngozi na utando mgumu wa chini yake vipasuliwe kwa urefu wa paja, sentimita 1 hadi 1.5. Kuanzia hapo kisu kiwekwe kando. Nyama itenganishwe kwa koleo butu iliyofungwa kisha kufunguliwa polepole, mpaka ncha iguse mfupa. Mrija wa kulinda nyama uingizwe ukiwa na troka, yaani kijiti cha chuma chenye ncha, ndani, ugote mfupa, troka itolewe, na tangu hapo mrija usinyanyuke mpaka skrubu iwe imeshika. Drili inayozunguka nje ya mrija huzoa nyama na kuizungusha pamoja na mishipa midogo.

Sasa tafuta katikati ya mfupa. Sogeza ncha ya mrija mbele mpaka ianguke ukingoni, irudishe nyuma mpaka ianguke ukingo wa pili, kisha ukae katikati. Hatua hii huchukua nusu dakika. Ikikosekana, biti hukwaruza mviringo wa mfupa na kuteleza, mara nyingi kuelekea nyuma, ikaingia kwenye vijitawi bila kupita mfupani kabisa. Hata isipoteleza, tundu la pembeni hupita ndani ya ukuta mgumu kwa urefu mwingi, joto hupanda, na mfupa unaoizunguka skrubu hufa. Joto la nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja linatosha kuua chembe hai za mfupa, kwa hiyo maji ya chumvi ya hospitali yamwagwe kwenye biti muda wote, na biti butu itupwe.

Wakati wa hatari ni biti inapovunja ukuta wa pili. Fundi wa mashua wa Matondoni anaijua hali hii: keekee ikikaribia kutokea upande wa pili wa ubao, upinzani huisha ghafla na mkono unaoegemea huruka mbele. Yeye hupunguza uzito kabla ya hapo. Mpasuaji afanye vivyo hivyo. Ukuta wa kwanza una upinzani na sauti nzito. Kisha biti huingia kwenye uwazi wa uboho, ikawa nyepesi. Kisha upinzani unarudi. Kuanzia upinzani huo wa pili, mkono mmoja ushike mrija ukiwa umeegeshwa kwenye paja kama breki, mwingine usukume kidogo kidogo kwa mwendo wa pole. Sauti ikibadilika, simama. Usisukume "kidogo tu zaidi" ili kuhakikisha.

Njia ya uhakika zaidi ni kuinyima biti nafasi. Katikati ya paja la mtu mzima mfupa huwa na unene wa milimita 25 hadi 30 hivi. Ukijua unene wake, kaza kizuizi kwenye biti ili isiweze kutokeza nje ya mrija zaidi ya unene huo na milimita 2 juu yake. Mfupa wa milimita 28 unapata kizuizi cha 30. Tahadhari moja: eksirei hukuza picha, kwa hiyo usipime kwa rula juu ya filamu bila kuwa na kitu cha ukubwa unaojulikana kilichopigwa pamoja na mfupa, kwa kimo kilekile cha mfupa. Pasipo na kizuizi, mkanda wa plasta safi ya thieta uliozungushwa kwenye biti unasaidia, ingawa huteleza ukilowa.

Baada ya kutoboa, pima kina kwa kipimo cha ndoano, kisha skrubu iingizwe kwa mkono, kwa mpini wa T. Usitumie mashine. Mkono huhisi nyuzi za skrubu zikiushika ukuta wa pili, mashine haihisi. Hesabu mizunguko: ikiwa nyuzi zimeachana kwa milimita 1.75, mizunguko minne inapeleka skrubu milimita 7 mbele. Inatosha ncha itokeze milimita 1 au 2 nje ya ukuta wa pili. Na usipitilize ukitumaini kurudisha, hasa skrubu yenye umbo la kuchongoka. Ukiirudisha nyuma hata nusu mzunguko inalegea, na mtu huishia kuiacha ndefu kwa sababu haitaki kulegezwa.

Skrubu zinazojitoboa zenyewe zinapendwa kwa kuwa zinaokoa hatua. Kwenye mfupa mgumu wa katikati ya paja hatuzipendekezi. Ncha yake ni kali, nayo inatakiwa iung'ate ukuta wa pili bila kuuvuka. Ukuta huo ukikataa kutobolewa upesi, nyuzi za ukuta wa kwanza huliwa, skrubu inalegea, na mtobozi huongeza nguvu ili ipate kushika. Matokeo yake ni ncha ya kisu iliyosimama nje ya mfupa kwa majuma.

Picha inayodanganya

Penye mashine ya eksirei ndani ya thieta, watu huridhika na picha mbili, ya mbele na ya pembeni. Kwa skrubu iliyoingia kwa mshazari hazitoshi. Picha ya mbele na ya pembeni zote mbili hulifupisha chomozo la ncha, kwa sababu hakuna hata moja inayoitazama skrubu kwa pembe mraba. Zaidi ya hayo mfupa ni mviringo wenye tuta nyuma: ncha iliyotokea nyuma kwa milimita 5 inaweza kufichwa na kivuli cha mfupa wenyewe. Zungusha mashine mpaka miale iikate skrubu kwa digrii 90, ndipo usome. Fanya hivyo kwa kila skrubu. Pasipo na mashine, kipimo cha ndoano na hesabu ya mizunguko ndiyo macho, na eksirei ya kawaida ipigwe kabla mgonjwa hajasafirishwa.

Kupima mguu, na kutoamini uvuguvugu

Mapigo yapimwe mahali pawili: juu ya unyayo, na nyuma ya kifundo upande wa ndani. Yapimwe mgonjwa anapofika, baada ya kuvuta mguu, baada ya kukaza vyuma, na tena kabla ya kupanda mashua. Yaandikwe pamoja na saa. "Mapigo yapo" bila saa hayamsaidii anayempokea mgonjwa Malindi au Mombasa.

Kisha pima shinikizo la damu kifundoni kwa mkanda na Dopla ya mkononi, kifaa kidogo kinachosikiza mwendo wa damu kwa mawimbi ya sauti, gawa kwa shinikizo la mkononi. Mkono ukiwa 120 na kifundo 96, jibu ni 0.8. Chini ya 0.9, mgonjwa anahitaji picha ya mishipa ya damu hata kama mguu una joto. Kwa wazee na wenye kisukari cha miaka mingi ateri hukakamaa na namba hutoka kubwa kuliko ukweli. Kwao linganisha na mguu wa pili usioumia.

Namba hiyo ina upofu mmoja. Tawi la kina halipeleki damu unyayoni moja kwa moja, kwa hiyo likikatwa, mapigo ya mguuni yanaendelea vizuri, 0.9 inapita, vidole ni vyekundu. Damu inamwagika ndani ya paja. Mfupa wa paja ukivunjika peke yake unaweza kumwaga lita 1 hadi 1.5, nalo paja hulificha hilo bila shida, kwa hiyo damu ya ziada huhesabiwa kuwa ya mvunjiko. Anayejua njia ya tawi hili hatazami mguu tu. Anapima mzunguko wa paja kwa utepe palepale palipowekwa alama ya kalamu, kila saa kwa saa za mwanzo, na anafuatilia mapigo ya moyo, shinikizo na kiwango cha damu. Paja linalozidi kujaa baada ya vyuma kukazwa, na mgonjwa anayezidi kupauka, ana ateri inayovuja mpaka ithibitike vinginevyo.

Mapigo yakipotea mara tu vyuma vinapokazwa, legeza vibano, punguza mvuto, rudisha mguu ulivyokuwa na upime tena papo hapo. Huenda ateri ilinyooshwa au ikakunjwa. Yasiporudi, usiseme ateri imejikunyata tu, itatulia. Kauli hiyo imegharimu watu miguu yao. Misuli iliyokosa damu huanza kufa moja kwa moja ndani ya takribani saa 6, na kwa mgonjwa aliye kisiwani sehemu kubwa ya saa hizo inaliwa na njia.

Damu ikiruka

Biti ikitolewa na damu nyekundu ikafuata kwa midundo, acha kazi. Bonyeza kwa kidole na shashi mahali penyewe, msaidizi abonyeze ateri kinenani, damu ya kuongezwa iagizwe, na simu kwa mpasuaji wa mishipa ipigwe wakati huohuo. Usizamishe koleo gizani kutafuta mshipa. Neva na vena ziko hapohapo. Ikiwa skrubu tayari imeingia na unashuku imechoma ateri, iache. Huenda yenyewe ndiyo inayoziba tundu, na itolewe tu pale ateri itakapokuwa imedhibitiwa juu na chini ya jeraha. Damu nyeusi inayotiririka bila midundo ni ya vena, na kwa kawaida hutulia kwa kubonyezwa dakika 10 bila kuchungulia.

Damu ikisharudi mguuni baada ya masaa ya kukosekana, misuli huvimba ndani ya utando wake usionyumbuka. Maumivu makali kupita kiasi, hasa vidole vikinyooshwa na mtu mwingine, yanataka utando upasuliwe bila kungoja mapigo yapotee.

Wiki zinazofuata

Jeraha la ateri si lazima lionekane siku ya kwanza. Ncha iliyotokeza na kuigusa ateri huisugua kila mdundo, na baada ya siku au majuma ukuta hutoboka. Damu hujikusanya kwenye mfuko uliozungukwa na nyama, mfuko unaodunda. Pengine ateri na vena hutobokeana, na ukiweka mkono unahisi mtetemo. Dalili za mwanzo ni ndogo: maumivu mapya kwenye paja lililokuwa limetulia, damu inayotoka kwenye tundu la skrubu kisha ikakoma yenyewe, halafu ikarudi. Damu hiyo ya kwanza ndiyo onyo, na ndugu wanaomuuguza nyumbani waambiwe waziwazi kwamba hata ikikoma, mgonjwa arudishwe hospitali siku hiyohiyo.

Makosa mawili hapa ni mabaya kupita mengine. La kwanza ni kupasua uvimbe karibu na skrubu ukidhani ni jipu. Kabla ya kisu, weka kiganja usikie mdundo, weka stetoskopu usikie mvumo, na ikiwezekana piga picha ya mawimbi ya sauti. La pili ni paja lililovimba kuhesabiwa kuwa na damu iliyoganda kwenye vena, mgonjwa akapewa dawa nyingi za kuifanya damu iwe nyepesi, na mfuko ukapasuka. Picha hiyohiyo ya mawimbi ya sauti inatenganisha mambo haya mawili.

Nyumbani, matundu yasafishwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa yenye chumvi kidogo, au dawa aliyopewa mgonjwa, na yakaushwe. Maji ya bahari hayafai, hata kama yamezoeleka kuwa dawa ya vidonda. Kanga isikazwe kuzunguka paja. Mgonjwa akipandishwa chomboni, anayeshika mguu ashike chini ya goti na kisigino; vyuma visitumike kuwa mpini.

Kuvitoa vyuma nako kunahitaji mahali penye uwezo wa kuzuia damu, kwa sababu skrubu iliyokuwa imeziba tundu la ateri inaondoka na kizibo chake. Kabla ya kutoa, sikiliza paja na utazame upya eksirei: kila ncha imetokeza kiasi gani, na kwa kimo hicho kuna nini upande wa pili. Toa moja moja, kila tundu libonyezwe dakika chache, mapigo yapimwe, na mgonjwa wa Pate au Kiunga asiruhusiwe kurudi chomboni siku hiyo.